Fungua Kinywa, Wifi

6 Aprili

Mvua imeanza jana alasiri na haijakatika. Nimelikuta daftari hili chini ya kitanda, limebaki tangu nilipokuwa nikifundisha darasa la tatu Ramisi. Nimeamua kuandika kwa sababu mtu wa pekee ninayezungumza naye humu ndani ni Mwanaima, na kuzungumza na Mwanaima ni kutafuna mwiba.

Athmani wangu alifariki Ramadhani, kumi la kwanza. Kiharusi. Alianguka akitoka msikitini alfajiri, na adhuhuri hakuiona. Sasa niko edani: miezi minne na siku kumi ndani ya nyumba, bila manukato, bila hina, bila kwenda popote. Kwa hilo sina ugomvi, ni amri ya Mungu. Ugomvi wangu ni na mlinzi. Mwanaima ni dada yake Athmani. Matanga yalipoanuliwa, wenzake wote walikwenda zao, yeye akaja na mkeka wake na birika lake bila kuitwa. "Nimekuja kukulindia eda yako, wifi," akasema. Kana kwamba umri huu nitaruka dirisha.

7 Aprili

Mvua. Mchuzi hauna chumvi.

9 Aprili

Mchuzi hauna chumvi kwa sababu nina presha. Athmani pia alikuwa nayo, na sote wawili tulikuwa wa kliniki ya Daktari Japheth Mangi, kijana wa Taru aliyekuja huku na mradi wa utafiti. Kwake ukienda unapimwa, ukishapimwa unapewa vidonge vya mwezi. Usipoonekana hupewi, umtume umtakaye. Ndiyo sheria ya mradi.

Lakini vidonge vyangu havijakatika, na hiyo ni kazi ya Mwanaima. Kila asubuhi ananijia na kidonge kimoja na kikombe cha maji, ananisimamia. "Meza." Nikishameza: "Fungua kinywa, wifi." Ananichungulia mpaka chini ya ulimi, mimi niliyekagua kucha za watoto wa Ramisi nusu ya umri wangu! Nilimwuliza anavipataje na mimi siendi kupimwa. Akasema, "Mimi nikisema na watu hunielewa. Si kama wewe." Nikaamini, maana huyu mwanamke akikuganda utampa hata jino lako la dhahabu ili aondoke.

Yeye mwenyewe anajisifu hana presha wala sukari. Eti presha ni maradhi ya wenye kinyongo.

12 Aprili

Ishak amepiga simu. Ni mwanangu, dobi katika hoteli moja kule Diani, anafua mashuka ya wageni. Anasema mwezi ujao hoteli yao itapokea kongamano la mabingwa wa presha, wa Nairobi na wa Ulaya, na Daktari Japheth ni mmoja wa wasemaji.

Halafu akaniambia jambo jingine. Amemwuliza maalim wetu kuhusu eda, na maalim amesema mgonjwa aliye edani ana ruhusa ya kwenda hospitali mchana kwa haja yake, mradi arudi kulala nyumbani kwake. "Kwa hiyo nenda kliniki, mama, ukapimwe."

Nimemwambia sawa. Siendi. Kwenye lango la kliniki kuna bango kubwa kuliko mlango, na usoni pake ni Athmani, anacheka, na chini wameandika: PRESHA YANGU NAIDHIBITI. Walilitundika mwaka jana. Mwenyewe yuko kaburini na bango bado linacheka. Nipange foleni chini yake, watu wanitazame mimi kisha wamtazame yeye? Hawanioni.

Mwanaima sikumwambia ruhusa ya maalim. Yeye anaamini mwenye eda havuki kizingiti hata paa likiwaka moto. Na aendelee kuamini. Kwa mara ya kwanza ukaidi wake umenifaa.

19 Aprili

Leo Daktari Japheth alikuja kutoa pole, watu wameshasahau hata nani alipika pilau ya hitima. Yeye alikaa barazani, mimi nyuma ya pazia, Mwanaima katikati yetu kama refa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba."

"Pole sana na msiba. Mzee Athmani alikuwa mtu wetu kabisa."

"Alikuwa mtu wangu," nikasema.

Akatikisa kichwa kukubali. Ana adabu, hilo silikatai, nyumbani kwao Taru walimlea. Akanywa chai, akakohoa, kisha akatoa kilichomleta. "Mama, mwezi ujao tuna mkutano mkubwa Diani. Nitasoma matokeo ya kazi yetu ya huku. Tulikuwa tunaomba tutumie picha ya mzee na habari zake. Hakukosa dozi hata moja."

"Hakukosa dozi, na amekufa."

"Hata hilo tunalichunguza, mama."

"Mnalichunguza huku mmemtundika langoni anacheka?"

Nikamwuliza kama amekuja na mashine ya kupimia. Hakuja nayo. Daktari wa presha amepanda gari la mradi mpaka nyumbani kwa mgonjwa wa presha asiyetoka nje, na mfukoni ana kalamu na simu.

"Nilikuja kwa pole tu, mama, haikuwa safari ya kazi. Njoo kliniki."

"Niko edani."

"Basi ukitoka, inshallah."

Mkristo wa Taru ananitilia inshallah! Picha nimemkatalia. Mwanaima akamsindikiza mpaka garini, na nikasikia wananong'ona muda mrefu kuliko wa kuagana.

20 Aprili

Amekubali yeye. Mwanaima amempa ruhusa ya picha! Nilipombana akanijibu kavu kavu, "Alikuwa ndugu yangu kabla hajawa mume wako."

Nimemwita majina ambayo siyaandiki hapa, Athmani asije akayasoma ahera. Nimemwambia ameuza sura ya ndugu yake apate kuitwa mama na madaktari. Alinisubiri nimalize, kidonge kikiwa kiganjani.

"Fungua kinywa, wifi."

Nilifungua. Nilitamani kumng'ata kidole.

22 Aprili

Mvua. Hatusemeshani.

26 Aprili

Mvua. Lori la miwa limekwama mbele ya nyumba tangu asubuhi na vijana wanalisukuma kwa matusi. Nimefurahi kusikia sauti ya watu wengine.

3 Mei

Mwanaima anaumwa kichwa. Amekifunga kwa leso, ameikaza mpaka macho yamemtoka. Anasema ni moshi wa kuni mbichi. Nikamwambia si moshi, ni kinyongo kinatafuta pa kutokea. Hakucheka. Zamani angenirudishia mawili.

5 Mei

Bado kichwa. Amemwaga uji jikoni, mkono umemlegea. Uzembe tu. Ila nimeona amekwenda kliniki kwa miguu na mvua yote hii, akarudi na vidonge, akanihesabia mbele yangu niridhike. Sijamshukuru. Picha sijaisahau.

9 Mei

Mwanaima anasema bango limeondolewa langoni. Limebaki waya na misumari. Nilidhani nitafurahi.

13 Mei

Ishak: "Mama, shikamoo. Mama, baba yupo hapa."

Moyo ulinipasuka.

"Bango, mama. Wamelisimamisha sebuleni hotelini, wageni wanapiga picha naye."

Kongamano limefunguliwa leo. Nikamwuliza mabingwa wanasema nini. Ishak anaingia na vitambaa vya meza, anasikia vipande vipande. Asubuhi nzima wamebishana kipimo kianzie wapi ndipo mtu aitwe mgonjwa. Mchana bingwa mmoja alisoma mada kuhusu madhara ya chumvi, kisha wakaenda kula. "Yule yule wa chumvi, mama, nimemwona kwa macho yangu. Anamwaga chumvi kabla hajaonja!"

Nikacheka peke yangu. Nikataka kumhadithia Mwanaima, nikakumbuka bado nimemnunia.

16 Mei

Naandika ya jana.

Asubuhi Mwanaima alinijia na kidonge kama kawaida. Akasema, "Fungua," na neno la pili halikutoka. Akajaribu tena, sauti ikatoka kama ya mtu mwenye tonge mdomoni. Nikainua uso kumjibu ovyo nikaona mdomo umekwenda upande. Kikombe kikamponyoka. Akaanguka kwa ubavu, polepole, akijishika kwenye ukuta, na kidonge changu amekifumbata mkono wa kushoto.

Niliijua ile sura. Athmani nilimpokea nayo mlangoni, walipomleta.

Nilivuka kizingiti. Sikukumbuka eda wala viatu. Nilisimama katikati ya njia na kanga kichwani nikampigia ukelele Kalama, jirani yetu mwenye tuktuk. Majirani wakatoka, mmoja akathubutu kuniambia, "Mwanasiti, na eda yako?"

"Eda yangu niachieni mwenyewe! Njooni mbebe mtu!"

Wakambeba. Njia kuu ya shambani ilikuwa imezibwa na lori la miwa, Kalama akakata katikati ya mashina, tope mpaka magotini mwetu. Kichwa cha Mwanaima kilikuwa mapajani kwangu. Alikuwa akinitazama kwa jicho moja, akataka kusema, na mimi, Mungu anisamehe, nikamwambia anyamaze.

Hospitalini walitupokea haraka, siwezi kuwasingizia. Kulikuwa na kijana mmoja wa zamu, akampima, akamwekea maji, akafanya alichojua. Nikauliza bingwa yuko wapi. Nesi akatazama chini.

"Bingwa yuko Diani, mama. Na Daktari Japheth pia. Wako kwenye kongamano."

"La nini?"

"La presha."

Kumbe fimbo ya mbali haiui nyoka hata ikiwa ya bingwa.

Yule nesi ndiye aliyekuwa kliniki siku za vidonge, na alimjua Mwanaima kwa jina. Akaniuliza, "Huyu bibi amekuwa akimeza dawa zake?"

"Dawa zipi? Huyu hana presha."

"Anayo, mama, mwaka wa tatu huu. Presha yake ni ya juu kuliko ya wengi." Akanitazama vizuri. "Wewe ndiye wifi yake? Alikuja kukuombea dawa zako akiwa amevaa nguo za msiba. Tukamnyima, sheria hairuhusu. Akalia. Halafu akachukua zake akaenda."

Vidonge vya kliniki ile ni vya aina moja, vyeupe, vya duara. Mwezi baada ya mwezi amekuwa akichukua vyake, anatembea navyo mvuani, ananitia mimi kinywani, ananichungulia chini ya ulimi nisije nikavitema. Nilikaa chini kwenye sakafu. Nesi aliniambia kuna benchi, nikamwambia hapa panatosha.

Nikampigia Ishak. "Nenda kamwambie Daktari Japheth atoke, shangazi yako anakufa." Ishak alitoka mbio na aproni yake, simu hakuikata, nikawa ninasikia kila kitu: nyayo, mlango, kisha sauti ya Daktari Japheth kwenye kipaza sauti, anasoma kwa Kiingereza. Kiingereza cha darasani ninakijua. Alisema karibu wagonjwa wake wote wa upande wetu presha yao imetulia. Alisema waliopotea, yaani walioacha kuja kupimwa, hawakuingizwa katika hesabu.

Waliopotea! Nimepotea wapi mimi? Nyumba yangu ni ya tatu kutoka msikitini. Barazani kwangu amekaa, chai yangu amekunywa, na kikombe nilikiosha mimi.

Nikamsikia Ishak akinong'ona, na mtu akimwambia amwache daktari amalize. Basi akamaliza. Nikasikia makofi, mengi, ya watu walioshiba. Ndipo akatoka.

Alifika na bingwa wa Nairobi, mwanamke mnene mwenye viatu vya raba, na huyo aliingia moja kwa moja kwa Mwanaima hata salamu hakutoa. Nilimpenda kwa hilo. Daktari Japheth alibaki nami ukumbini, beji ya kongamano inaning'inia shingoni.

"Mama, yale ya picha," akasema. "Mama Mwanaima alinifuata garini. Alisema nichukue picha ya ndugu yake nifanye nitakavyo, ila nikupe wewe dawa zako. Nikamwambia nitaangalia."

"Ukaangalia?"

"Nilisahau, mama."

Nilitaka kumpiga kofi. Mkono niliuinua kweli, naye hakurudi nyuma. Lakini nikakumbuka simu ya Ishak, na ruhusa ya maalim niliyoificha, na kwamba kutoka kwangu mpaka kliniki Kalama angenifikisha kabla chai haijapoa. Hili nalo ni langu. Mkono nikaushusha. Simpendi kwa hilo pia, kwamba hakunipa nafasi ya kumchukia yeye peke yake.

18 Mei

Yu hai. Upande wa kulia umekufa. Maneno hayatoki.

Nilimtolea kidonge kile alichokuwa amekifumbata. Kimeyeyuka nusu, kimemwachia alama nyeupe kiganjani.

27 Mei

Tumerudi nyumbani. Nimemlaza kitandani kwangu, mimi niko kwenye mkeka wake. Majirani wanakuja kumwona na kunitazama mimi miguu, mwenye eda aliyelala hospitali. Wasemao na waseme. Mmoja ameuliza kama eda yangu sasa itaanza upya. Nimemfungulia mlango.

Nimempikia mchuzi bila chumvi. Ameutema.

7 Juni

Idi ya kuchinja. Ishak ameleta nyama. Mwanaima amelia aliposikia takbira, mimi nikalia kwa sababu yake, kisha tukakasirikiana kwa kuonana tunalia.

14 Juni

Mvua imepungua. Jana Daktari Japheth alikuja, na safari hii ana mashine. Amempima Mwanaima, kisha akaipitisha mashine chini ya pazia nami nikajifunga mwenyewe mkononi. Ameacha vidonge vya kila mtu, kwa jina lake. Atakuja kila wiki mbili, anasema, na wako wengine njiani kwake: mzee asiyeona huko Shimoni, mama mwenye mguu uliokatwa, wajane wawili wenzangu. "Nilikuwa nimewaandika waliopotea," akasema.

"Na hesabu uliyowasomea wakubwa?"

"Nimewaandikia kuisahihisha."

"Wamejibu?"

"Bado, mama."

Nikamwambia wakijibu anisomee. Sijamsamehe. Chai nimempa.

Alikuwa na bango pia, limekunjwa, amelirudisha na kuomba radhi. Nilikaa nalo usiku kucha sijui nilitie wapi. Asubuhi nimefunikia kuni, sura kwa ndani. Athmani hakupenda kuni mbichi.

28 Juni

Mwanaima ametamka neno. Nilikuwa nikimkanda mkono kwa maji moto. Akasema, "Chumvi." Nikamwambia hapati. Akanigeuzia uso ukutani.

10 Julai

Eda yangu imekwisha. Wanawake wamekuja wakaniogesha, wakanivisha nguo mpya, wakanipaka mafuta mazuri, nikafukizwa udi. Wamenitoa mpaka uani, jua kali, miwa imesimama mirefu, njia imekauka. Wameniambia sasa niko huru, niende nitakako. Mmoja amenikaribisha kwao Wasini nikapumzike, na mimi nimeitamani sana hiyo safari, siwezi kusema uongo.

Nimewaaga langoni nikarudi ndani.

Mwanaima alikuwa macho. Amenusa udi wangu, akakunja uso nusu, upande unaokunjika. Nimekisaga kidonge chake, nikakitia katika kijiko cha uji, nikamwinua kichwa. Anakataa. Kila asubuhi anakataa, anafunga meno kama mtoto, na jicho lake linanitukana.

"Meza," nikamwambia.

Nikamsubiri. Kuku wamepita mlangoni, Kalama amepita na tuktuk yake akapiga honi, mimi nimeshika kijiko. Mwishowe akameza.

"Fungua kinywa, wifi."

Akafungua, nusu. Nikainama nikamchungulia mpaka chini ya ulimi.